Umeshindwa katika tribinali? Hesabu siku



Mwezi huu tuongee juu ya ile karatasi yenye wisye wa tribinali analeta nyumbani, majirani wote wa parsele wakiangalia. Ndani yake imeandikwa kwa Kifaransa kama umeshindwa: unapashwa kulipa feza fulani, ao kutoka katika nyumba, ao kurudisha kitu cha mwenzako. Mama anashika kichwa. Watoto wananyamaza. Baba anauliza: «Sasa tutafanya nini?»

Hapa kwetu, kutoka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, familia nyingi zinaijua hii karatasi. Tangu mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walianza kuacha kazi kwa mpango wa «départs volontaires», nyumba nyingi zinaishi kwa biashara ndogo, kwa kupangisha chumba, kwa likelemba, kwa kukopa na kukopesha. Na pahali watu wanakopeshana, mabishano hayakosekani: garanti ya nyumba yenye haikurudishwa, deni la mifuko ya unga, mashine ya kushona yenye ililipwa nusu. Mabishano ya namna hii, yenye bei yake si kubwa, yanaenda mbele ya Tribunal de Paix, ile tunayoita Tripaix.

Watu wengi wanazani kama siku ya kushindwa mbele ya Tripaix njo mwisho wa mambo. Sivyo. Sheria ya inchi yetu inakupa ruhusa ya kuomba mambo yako yaangaliwe tena. Lakini ile ruhusa iko na siku zake, na zile siku zinaanza kuhesabiwa kutoka ile karatasi. Mtu mwenye haki lakini aliyeacha siku zipite, ni kama mtu mwenye tiketi ya gari-moshi lenye limekwisha kuondoka. Ndiyo maana nataka tuangalie hii njia pole pole, hatua kwa hatua.

MAMBO MATATU YENYE YANAHARIBU

Wakati karatasi inafika, watu wengi wanafanya moja ya haya mambo matatu.

Wa kwanza anaipasua. Hasira imemjaa. Anasema: «Ile tribinali ni ya bantu ba feza, mie sitambue ile hukumu.» Lakini karatasi iliyopasuliwa imekwisha kuandikwa katika kitabu cha grefye. Kwa tribinali, umeipokea. Ni wewe tu sasa umepoteza tarehe na namba ya mambo yako.

Wa pili anajificha. Anatuma mtoto mlangoni: «Umuambie kama baba haiko.» Anazani kama wisye asipomuona, hukumu haitamfikia. Sheria imeona hii zamani. Wisye anaweza kuacha karatasi kwa mtu wa jamaa, na kuandika jina la mtu aliyeipokea. Kujificha kunakupa usingizi wa siku mbili, tatu, hakukupe haki.

Wa tatu anakimbilia mtu mkubwa. Anaenda kwa polisi, kwa shefu wa kartye, kwa ndugu mwenye kazi kubwa, hata kwa pasta: «Pasta, umuite ule mwamuzi, umuongeleshe.» Wote hawa hawawezi kusimamisha hukumu hata ya franka mia moja. Wanaweza kukuonyesha njia, wanaweza kukusindikiza, wanaweza kukusaidia kusoma. Lakini hukumu ya tribinali inaangaliwa tena paka na tribinali.

Na wakati unazunguka kwa wale wote, siku zinaenda.

SHERIA INASEMA NINI?

Katiba ya inchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika sehemu ya 21, inasema kama kila hukumu inapashwa kuandikwa, iwe na sababu zake ndani, na isomwe mbele ya watu wote. Tena inasema kama kila mtu yuko na ruhusa ya kupinga hukumu, kwa kufuata njia yenye sheria imeweka. Kwa hiyo, kupinga hukumu si kutukana serikali. Si uasi. Ni Katiba yenyewe inafungua mlango.

Sehemu ya 61 inaongeza mambo mawili yanayotuhusu. Hata wakati wa hali ngumu sana katika inchi, ruhusa ya kupinga hukumu haiondolewi, na kumtia mtu katika gereza juu ya deni kumekatazwa. Mama, ukisikia mdai wako anasema: «Usipolipa kesho, utalala mu kasho», ujue kama deni tupu halipeleki mtu gerezani. Lakini tuwe waangalifu: mtu mwenye aliiba, ao aliyetumia uongo kwa kupata feza ya mwenzake, yule ana mashitaki ya namna ingine kwenye parke. Hapa tunasema juu ya deni na mabishano ya kawaida.

KWANZA, SOMA KARATASI

Kama Kifaransa kinakusumbua, tafuta mwalimu, mwanafunzi mkubwa, ao mtu wa kanisa anayekijua. Usione haya. Haya itakula siku zako. Mwambie akutafutie mambo manne.

1. Ni tribinali gani imehukumu? Iko kwenye kichwa cha karatasi. Kama ni Tribunal de Paix, apeli inaenda Tribunal de Grande Instance, yaani TGI. Kama ni TGI njo ilihukumu mara ya kwanza, apeli inaenda Cour d'Appel. Na kama mabishano yako ni ya kazi, wewe na patron, ile si ya Tripaix hata kidogo: inaanzia kwa inspekteri wa kazi, kiisha Tribunal du Travail, na apeli yake inaenda Cour d'Appel.

2. Hukumu ilikatwa ukiwapo ao usipokuwapo? Tafuta neno «contradictoire» ao maneno «par défaut». «Contradictoire» maana yake tribinali inahesabu kama pande zote mbili zilisikiwa. «Par défaut» maana yake ulihukumiwa bila kufika. Kama ulifika siku ya kwanza na kiisha ukaacha kufika, usijiamulie mwenyewe kama ni «par défaut». Fuata neno lenye tribinali imeandika.

3. Karatasi ililetwa tarehe gani, na nani aliipokea? Kitendo hiki cha wisye kinaitwa «signification». Tarehe ya signification njo mzizi wa yote. Iandike kwenye kalenda ya nyumba, pahali kila mtu anaona.

4. Kuko maneno «exécution provisoire»? Tutarudi kwa haya maneno, maana yanaweza kuleta watu nyumbani kukamata vitu hata kama umefanya apeli.

Tuchukue mfano, ili tuelewe vizuri. Tuseme mama mmoja anauza samaki ya Kasenga. Alikopa dola 300. Amerudisha dola 30 mara sita, na kila mara mdai alitia mkono katika kaye. Hiyo ni dola 180. Kunabakia dola 120. Lakini mdai alienda Tripaix na kusema kama hakupokea hata moja. Barua ya kumuita mama ilifika wakati yeye yuko Kasenga kununua samaki. Mdogo wake aliipokea, akaiweka juu ya kabati, akaisahau. Tribinali ilingoja mama, hakufika. Ikahukumu: alipe dola 300 zote, na kitu juu yake. Huyu mama atafanya nini?

NJIA YA KWANZA: OPOZISYO

Hii si opozisyo ya siasa. Ni neno la tribinali. Maana yake: «Mulinihukumu bila kunisikia, naomba munisikie.» Inafaa kwa yule aliyehukumiwa «par défaut» tu. Inaenda kwenye tribinali ileile yenye ilihukumu. Kwa mama wetu, itarudi kulekule Tripaix.

Siku zake ni 15. Kama wisye alikupa karatasi ya hukumu mkononi mwako, hesabu kutoka ile siku. Kama aliiacha kwa mtu mwingine, hesabu kutoka siku ulipopata kujua kama karatasi ililetwa. Mtu anayeishi mbali anaongezewa siku moja kwa kila kilometa 100. Hizi ziko katika sheria ya mashitaki ya tarehe 7 Machi 1960, yenye inatumiwa mpaka leo.

Katika opozisyo unapashwa kueleza kwa kifupi sababu zako. «Sikukubali» haitoshi. Mama atasema: «Nililipa dola 180, ushuhuda ni kaye hii, mkono wa mdai uko mara sita.»

Na kama hukujua kitu mpaka siku wisye anafika kukamata vitu vya nyumba? Usipigane naye. Sheria inakuruhusu kutangaza opozisyo palepale, iandikwe kwenye karatasi ya wisye. Lakini haiishie pale. Unapashwa kuifanya tena vizuri kwa njia ya tribinali katika siku 10, kwa kuongeza zile siku za mbali. Ukikaa, ile ya kwanza inahesabiwa kama haikufanywa.

Kumbuka tena: opozisyo ni mara moja. Ukiitwa juu ya opozisyo yako na kushindwa, hauwezi kufanya opozisyo ya pili juu ya ile hukumu. Kunabakia apeli.

NJIA YA PILI: APELI

Apeli ni kuomba tribinali ya juu iangalie hukumu ya ile ya chini. Siku zake ni 30. Kama hukumu ni «contradictoire», zinaanza kuhesabiwa kutoka signification. Kama ni «par défaut», zinaanza kuhesabiwa kutoka siku ile opozisyo haiwezi kupokelewa tena.

Hapa kuko kosa moja lenye linaangusha watu wengi. Wanaenda kutangaza apeli kwa mwamuzi aliyewahukumu, ao wanaandika barua kwa mkubwa wa Tripaix: «Mimi sikubali.» Kiisha wanarudi nyumbani kungoja. Wanangoja mwezi mzima, na siku 30 zimekwisha. Apeli inatangazwa kwa grefye wa tribinali ya juu, yenye itaangalia mambo. Kwa hukumu ya Tripaix, ni kwa grefye wa TGI. Unaenda mwenyewe, ao avoka wako. Unatangaza, grefye anaandika. Kabla ya kutoka pale, uombe kopi ya karatasi ya apeli yako yenye muhuri na tarehe. Bila ile kopi, usiseme kama umefanya apeli.

Jambo la pili: unahitaji kopi halali ya hukumu yenyewe. Kwa Kifaransa inaitwa «expédition». Hii inatoka kwa grefye wa tribinali ya chini, yenye ilihukumu. Fotokopi ya barabarani haitoshi. Apeli nyingi zimekataliwa kwa sababu ya kukosa expédition, hata mwenye mambo alikuwa na haki. Kwa hiyo, siku ileile unapojua kama umeshindwa, uanze kuiomba. Usingoje.

Ukisikia mtu anasema: «Zile siku 30 ni mingi», umuambie kama grefye anaweza kuwa mgonjwa, mwamuzi anaweza kukawia kutia mkono, umeme unaweza kukatika na mashine ya kopi ikalala. Siku 30 si mingi hata kidogo. Hesabu kama uko na 20.

Katika apeli unaweza kuleta ushuhuda wenye haukuonyeshwa mbele ya tribinali ya chini. Lakini hauwezi kuleta madai mapya yenye hukuomba kule. Kama mabishano yalikuwa juu ya dola 300, usifike TGI na kuanza kusema juu ya parsele ya babu.

Ujue pia kama mwenzako naye, ukimuita katika apeli, anaweza kuomba yake: «Mimi pia sikutosheka, niongezewe.» Kwa hiyo apeli si mchezo wa kusumbua mtu. Na mwenye kufanya apeli kwa ubaya tu, bila sababu, anaweza kuhukumiwa kumlipa mwenzake juu ya ule usumbufu.

Baada ya apeli kuko njia ingine, Cour de Cassation ya Kinshasa. Lakini ile haiangalii tena kama ulilipa ao hukulipa. Inaangalia kama sheria ilifuatwa. Ni njia ya mbali na ya bei. Kwa mambo madogo ya nyumba zetu, pigano la kweli ni katika zile siku 15 na zile siku 30.

WAKIJA KUKAMATA VITU

Kwa kawaida, opozisyo na apeli zinasimamisha hukumu. Mtu aliyekushinda hawezi kukamata mashine yako ya kushona wakati mambo yangali mbele ya mwamuzi. Ndiyo maana, mbele ya kukamata, anaomba kwanza kwa grefye karatasi ya kushuhudia kama hukufanya apeli. Unaona? Kunyamaza kwako kunageuka karatasi katika mkono wake.

Lakini kama katika hukumu kuko yale maneno «exécution provisoire», tribinali imemruhusu kutenda hata mbele ya apeli kwisha. Katika hali fulani sheria yenyewe inaagiza vile, kwa mfano kama wewe ulikubali deni lako mbele ya mwamuzi ao katika maandiko yako. Ukiona kama waliitoa nje ya sheria, unaomba tribinali ya apeli ikataze, na kwa Kifaransa inaitwa «défenses à exécuter». Hapa nakushauri usiende peke yako. Tafuta mtu wa sheria, na mbio.

Kuko tena karatasi ingine, nayo si hukumu ya kawaida: «injonction de payer». Ilitoka katika sheria za OHADA, zenye zilianza kutumiwa katika inchi yetu tarehe 12 Septemba 2012. Mdai anaenda peke yake kwa mwamuzi na karatasi zake, mwamuzi anakuagiza kulipa bila kukuita kwanza. Nayo unaweza kuipinga, lakini iko na siku zake yenyewe. Zile siku, na tribinali yenye utaenda, zinapashwa kuandikwa ndani ya karatasi wisye anayokuletea. Isome siku ileile.

NITASEMA NINI MBELE YA MWAMUZI?

Watu wengi wanafika TGI na hasira tu. «Mwamuzi ni wa kabila yao.» «Alikula feza.» «Mungu anajua kama niko na haki.» Inaweza kuwa kweli, lakini mwamuzi wa juu anahitaji kitu cha kushika mkononi. Ukae chini, uchukue kalamu, ujiulize haya:

Nilipata barua ya kuniita ao hapana? Nani aliipokea?

Niko na resu, kaye, barua ao ujumbe wa telefone wenye tribinali haikuuona?

Hesabu ni sawa? Walitoa feza zenye nilikwisha kulipa?

Hukumu inaeleza sababu zake, ao inasema tu «alipe»? Katiba inaomba sababu ziandikwe.

Tribinali yenyewe ilikuwa na ruhusa ya kuhukumu mambo ya namna hii?

Ukipata jibu moja lenye nguvu, ni bora kupita malalamiko kumi. Mama wa samaki hana haja ya kumtukana mdai wake wala mwamuzi. Kaye yake inatosha: mara sita, dola 30, mkono wa mdai, tarehe. Afanye kopi mbili, na kaye yenyewe asiitoe mkononi bila kuandikiwa karatasi ya kuipokea.

Kwa wale wanaokopa leo na hawajafika tribinali, hili ni fundisho. Usilipe hata franka moja bila mkono wa mwenye kupokea. «Yeye ni ndugu yangu katika kanisa» si resu.

FEZA ZITATOKA WAPI?

Kufanya opozisyo ao apeli kunaomba feza: ya kufungua mambo, ya expédition, ya wisye. Kila malipo uombe karatasi ya malipo. Mtu wa tribinali anayesema: «Leta tu, karatasi utapata kesho», usimpe.

Kama huna kitu kweli, sheria inajua maskini. Mkubwa wa tribinali anaweza kukubali kama wewe ni maskini, na feza zikatangulizwa na serikali. Kwa kuanza, uliza kwenye komine na kwenye buro ya mambo ya jamii (affaires sociales) juu ya «attestation d'indigence», kiisha uipeleke kwenye tribinali.

Juu ya avoka: haulazimishwi kuwa naye mbele ya Tripaix ao TGI. Unaweza kujitetea mwenyewe. Kuko pia «défenseurs judiciaires», wenye wanaruhusiwa kutetea mbele ya hizi tribinali mbili. Na kwenye baraza la maavoka (barreau) kuko buro ya shauri la bure, «bureau de consultations gratuites». Uende na karatasi zako zote. Usiende na hadisi tu.

HESABU PIA KAMA INAFAA

Sasa neno la nyumba. Si kila hukumu mbaya inafaa kupingwa. Kaeni chini, bwana na bibi, na muhesabu. Tofauti ni ngapi? Gharama ni ngapi? Siku ngapi za soko zitapotea? Kama mama wetu anapigania dola 180, inafaa. Kama mtu anapigania dola 15 ili tu mwenzake asicheke, atatumia 60 na kupoteza usingizi wa watoto.

Njia ya kupatana ingali wazi hata kisha hukumu. Mdai anaweza kukubali zile dola 120 zilizobakia, kwa miezi minne. Mkipatana, muandike, mutie mkono wote wawili mbele ya mashahidi, na kopi ipelekwe kwa grefye. Lakini angalia: wakati munasemezana, siku hazingoje. Wadai wengine wanajua hii vizuri. Wanasema: «Shiye bandugu, tutaongea, usiende TGI», mpaka siku ya 31. Kwa hiyo tangaza apeli kwanza, kiisha endelea na maneno ya amani. Apeli inaweza kuachwa kama mumepatana. Siku zilizopita hazirudi.

Tena, usilipe sehemu ya hukumu kimya kimya huku unataka kuipinga. Kulipa bila kuandika kama haukubali kunaweza kuhesabiwa kama umeikubali.

JE, MKRISTO ANAWEZA KUPINGA HUKUMU?

Wengine wananiuliza hii kwa woga. Mtume Paulo, akiandikia Wakorinto, aliwaomba ndugu wapatanishe mambo yao wao kwa wao kuliko kupelekana mbele ya waamuzi. Hii ni kweli, na ndiyo maana nimesema juu ya kupatana. Lakini Paulo huyohuyo, katika Kaisaria, alipoona kama wanataka kumpeleka Yerusalemu, aliomba mambo yake yaende mbele ya Kaisari. Tunasoma hii katika Matendo, sura ya 25. Hakukimbia, hakutukana Festo. Alitumia njia yenye sheria ya Roma ilimpa, na aliitumia kwa wakati wake. Kutumia njia ya haki kwa ukweli na kwa moyo wa utulivu si kukosa upendo. Uongo mbele ya mwamuzi njo kukosa upendo. Kama wewe ndiye mwenye deni la kweli, na hukumu ni ya kweli, usitafute apeli ya kukawisha tu. Omba mdai akupe wakati, na ulipe.

TUKUMBUKE

Karatasi ikifika, ipokee. Andika tarehe. Soma kama ni «contradictoire» ao «par défaut». Siku 15 kwa opozisyo, katika tribinali ileile. Siku 30 kwa apeli, kwa grefye wa tribinali ya juu. Omba expédition mapema. Chukua karatasi ya kila malipo. Chunga kaye na resu zako pahali maji na panya havifiki.

Na wewe kijana mwenye unabakia nyumbani wakati wazazi wako sokoni ao shimoni: wisye akikupa karatasi, usiiweke juu ya kabati. Iweke katika mkono wa baba ao wa mama jioni ileile, na uwaambie saa ngapi ililetwa. Pengine nyumba yenu inategemea lile neno lako moja.

Mungu azilinde nyumba zenu. Tuonane mwezi ujao.